Sifuri tunayoijaza kila wiki

Muuguzi alinisogezea fomu ya wiki, kalamu ingali mkononi. Kipindupindu, sifuri. Surua, sifuri. Homa ya manjano, sifuri. Kichaa cha mbwa, sifuri. Mwandiko wake ni wa kupendeza, na kila sifuri ilikuwa duara kamili. Kabla ya saa sita mchana takwimu hizo zingekuwa zimeshafika wilayani, akizituma kwa simu yake mwenyewe. Zahanati yenyewe ni ya kijiji, ina vyumba vitatu na benchi la wagonjwa chini ya mwembe, na siku hiyo alikuwa peke yake: yeye ndiye anayepima, anayezalisha, anayegawa dawa na anayejaza fomu. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akamtafuta mkosaji ndani ya chumba kile.

Nyuma ya zahanati, ukishuka njia ya kisimani, kulikuwa na kaburi la mtoto wa miaka saba. Udongo wake ulikuwa haujatulia. Mtoto huyo aliumwa na mbwa kwenye kigimbi wakati wa kupalilia, kidonda kikapona, akarudi shuleni. Miezi miwili na ushee baadaye akaanza kulalamika kwamba mguu unamwasha palepale palipopona. Zikaja homa na kukosa usingizi. Siku ya tatu aliletewa kikombe cha maji, akakisukuma kwa kelele kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Wazee walisema ni mapepo, jirani akasema amerogwa. Akafia nyumbani, mikononi mwa bibi yake.

Nilimwomba muuguzi tufungue rejista ya wagonjwa wa nje, turudi nyuma. Mtoto alikuwamo. Jina, umri, kitongoji, "jeraha la kuumwa na mbwa", sindano ya pepopunda, rufaa kwenda hospitali ya wilaya kwa ajili ya chanjo. Mstari ukaishia hapo. Chini yake kuna mama mjamzito, chini ya mama huyo mtu mwenye kikohozi, na maisha ya kijiji yanaendelea kwa wino wa bluu. Kwa mujibu wa rejista, mtoto yule aliumwa na mbwa na hakufa.

Kwa hiyo sifuri ile ilijazwa kwa haki. Hakuna aliyeletwa zahanati akiwa na dalili za kichaa cha mbwa wiki hiyo. Na ndiyo maana nasema mfumo wetu unaweza kufuata kila utaratibu, wiki baada ya wiki, na bado ukakosa kifo kilichotokea hatua chache kutoka mlangoni.

Wanaofuatilia habari za magonjwa wamezoea malalamiko ya aina nyingine: serikali fulani imeficha kipindupindu ili watalii wasikimbie, au imekiita kuhara kwa kawaida. Kuficha kupo, na kunaua. Lakini kichaa cha mbwa hakina haja ya kufichwa na mtu. Kinajificha chenyewe, kwa sababu ya jinsi kinavyoua.

Magonjwa mengi humleta mtu hospitali anapozidiwa, na hapo anaandikwa. Kichaa cha mbwa hugeuza mambo. Mtu huja zahanati akiwa mzima, ana kidonda tu, wakati bado anaweza kuokolewa kwa sabuni, maji na chanjo. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Wanaopona ni wachache mno duniani kote, kiasi kwamba kila mmoja wao huandikiwa makala za kitabibu. Familia inayoelewa hivyo, au iliyoambiwa hivyo na daktari kwa upole koridoni, inakodi gari na kumrudisha mgonjwa nyumbani akafe kwa heshima. Isiyoelewa inampeleka kwa mganga wa kienyeji. Njia zote mbili zinaipita rejista pembeni. Hospitali inabaki na orodha ya watu walioumwa na mbwa, karibu wote wakiwa hai siku walipoandikwa.

Na hata anayefia wodini haandikwi kwa jina lake sahihi kila mara. Si kila mgonjwa wa kichaa hupiga kelele na kuogopa maji. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kama mmoja kati ya watano hupata aina ya kupooza: viungo vinalegea taratibu kuanzia palipoumwa, anazimia, anakufa. Katika nchi ya malaria, mtoto mwenye homa aliyepoteza fahamu ataandikwa malaria ya kichwani, na anayeandika hivyo si mjinga, maana mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini utafiti uliofanywa kwa watoto nchini Malawi na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kichaa cha mbwa kilisababisha vifo 14 kati ya 133 vilivyotokana na maambukizi ya ubongo na mfumo wa fahamu. Watatu kati ya hao 14 walidhaniwa kuwa na malaria ya kichwani mpaka walipochunguzwa baada ya kufa. Ningependa kila tabibu anayeandika "malaria kali" saa nane usiku aikumbuke hesabu hiyo, na amwulize mama swali moja: huyu mtoto aliwahi kuumwa na mbwa mwaka huu?

Sasa tuje kwenye namba za kwetu Tanzania, maana ndizo zilizonifanya niandike. Mwaka 2002 jarida la WHO lilichapisha utafiti wa Sarah Cleaveland na wenzake, akiwemo Mtanzania Magai Kaare, daktari wa mifugo. Jambo la busara walilofanya ni kuacha kuvisubiri vifo. Walihesabu watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wakaangalia wameumwa sehemu gani ya mwili, kwa kuwa aliyeumwa kichwani yuko hatarini kuliko aliyeumwa mguuni, wakaangalia uwezekano wa kupata chanjo, kisha wakakadiria ni wangapi wangekufa. Walipotumia taarifa za majeraha yaliyojileta yenyewe kwenye vituo vya afya, walipata vifo 193 kwa mwaka kwa Tanzania nzima. Walipotumia taarifa zilizopatikana kwa kuwafuata watu huko waliko, walipata 1,499. Wakahitimisha kwamba vifo halisi huenda vinafikia mara 100 ya vile vinavyoripotiwa rasmi.

Mtu anaweza kubisha, na ana haki, kwamba hayo ni makadirio. Kweli. Waandishi wenyewe waliweka wazi kwamba jibu linaweza kuwa popote kati ya 891 na 2,238, na ni namba za zaidi ya miaka 20 iliyopita. Chukua basi ile ndogo kabisa. Watu 891 kwa mwaka ni zaidi ya wawili kila siku, wengi wao wa vijijini, na wengi ni watoto. Kinachonigusa zaidi ni umbali kati ya 193 na 1,499, karibu mara nane. Nchi ni ileile, mbwa ni walewale, na hesabu ilipigwa na watu walewale. Tofauti ni kwamba safari moja walingoja mezani na safari nyingine kuna aliyevaa viatu akatoka.

Kuthibitisha nako kuna shida zake. Kipimo cha uhakika kinafanywa kwenye ubongo. Kwa binadamu maana yake ni kuiomba familia iliyofiwa iruhusu kichwa cha mpendwa wao kiguswe, siku ambayo sheikh au padri anasubiri na jeneza limeshafika. Kwa mbwa, mtu akikate kichwa bila kujiambukiza, akifungashe kwenye barafu, akipakie kwenye basi hadi maabara iliyo mkoa mwingine. Nani analipa nauli ya kichwa cha mbwa? Siulizi kwa utani. Nimekaa na afisa mifugo wa kata aliyeniambia alishawahi kulipa kutoka mfukoni, na kondakta alipogundua kilichomo ndani ya lile boksi alimshusha njiani. Safari iliyofuata hakujisumbua. Walimpiga mbwa rungu, wakamfukia, mambo yakaisha. Kuna vipimo vyepesi zaidi siku hizi, ambavyo havihitaji darubini ya gharama, na vimejaribiwa hapahapa Tanzania. Lakini hata hivyo vinamtaka mtu alete ubongo.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali la mwenye mali. Mgonjwa ni wa Wizara ya Afya. Mbwa ni wa wizara inayosimamia mifugo, na kwa kweli huko nako hana mwenyewe. Hatoi maziwa, ngozi yake haiuzwi, hakuna soko la nje linalofungwa kwa sababu yake. Afisa mifugo hupimwa kwa majosho na kwa ng'ombe waliochanjwa. Chanjo ya mbwa, ambayo kwa dozi moja ni rahisi mno ukiilinganisha na ile ya binadamu, inakuwa jambo la Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, na fulana zake. Wataalamu wanasema ukichanja 70% ya mbwa katika eneo na kurudia kila mwaka, ugonjwa unakatika. Faida yake, yaani watu wasiokufa na chanjo za binadamu ambazo hazikuhitajika tena, inaonekana kwenye vitabu vya wizara nyingine. Aliyelipa hayaoni mavuno, na anayevuna hakuombwa kulipa.

Hebu sasa tuufuate mzunguko wenyewe, maana watu wengi hudhani kuripoti pungufu ni kosa la makaratasi ambalo halimdhuru mtu. Wilaya inaagiza chanjo za binadamu kwa kuangalia matumizi yaliyopita na taarifa zilizopo. Taarifa zinasema kichaa cha mbwa ni sifuri. Zinaletwa dozi chache, zinakaa kwenye jokofu la hospitali ya wilaya, zinaisha. Mama anatoka kijijini na mtoto aliyeumwa, anapanda bodaboda, kisha basi, anafika anaambiwa chanjo imekwisha, ajaribu duka la dawa mjini. Ama ipo, lakini anatakiwa aje leo, siku ya tatu, siku ya saba, na pengine tena, kila mara na nauli yake na siku ya shamba iliyopotea. WHO inakadiria kwamba gharama ya kumkinga mtu mmoja, ukijumlisha nauli na kipato kilichopotea, ni wastani wa dola 108 za Marekani. Kwa familia nyingi ninazozijua huyo ni mbuzi zaidi ya mmoja. Mama anarudi nyumbani. Jirani yake anamwona amerudi mikono mitupu. Wiki ijayo mtoto wa jirani akiumwa, hawaendi kabisa. Wanapaka chumvi na mafuta ya taa. Yule hataandikwa hata kama jeraha. Taarifa za robo mwaka zinaonyesha majeraha yamepungua. Wilaya inaagiza dozi chache zaidi.

Yule mtoto wa kaburi la njia ya kisimani alipata dozi moja. Bibi yake alinionyesha kadi, imekunjwa ndani ya Biblia. Tarehe ya pili imeandikwa kwa penseli na haina sahihi.

Mwezi Juni 2024 Gavi, shirika la kimataifa linalozisaidia nchi maskini kununua chanjo, lilifungua mlango wa kusaidia chanjo ya kichaa cha mbwa kwa watu walioumwa, uamuzi uliokuwa umepitishwa tangu 2018 na kuchelewa kwa sababu ya korona. Ni habari njema sana. Lakini nchi inayotaka msaada huo lazima ieleze inahitaji dozi ngapi, na dozi ngapi ni swali linalojibiwa na rejista zilezile. Tukipeleka sifuri zetu Geneva, yaliko makao ya Gavi, tutaletewa kinacholingana nazo.

Kuna sifuri nyingine inayonitia wasiwasi kuliko ya muuguzi, nayo ni ya mwaka 2030. Dunia imejiwekea lengo kwamba kufikia mwaka huo asiwepo binadamu anayekufa kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Inakadiriwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na kama wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Lengo ni zuri na linawezekana. Meksiko ilikuwa na vifo 60 mwaka 1990, ikafika 3 mwaka 1999, ikafika sifuri mwaka 2006, na mwaka 2019 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na WHO kuwa imekata kichaa cha mbwa kama chanzo cha vifo vya watu. Sifuri ya Meksiko ilitanguliwa na chanjo za bure za mbwa kila mwaka, mamilioni kwa mamilioni, na watu waliokuwa wakitafuta ugonjwa hata ulipokuwa umeanza kutoonekana. Ila kwenye jedwali lililochapwa, sifuri ya aliyetafuta akakosa na sifuri ya asiyetafuta zinafanana kwa umbo na kwa wino. Nchi isiyohesabu inaweza kufika 2030 kabla ya wote.

Wapo wanaosema dawa yake ni maabara: zijengwe, kisha ndipo tuseme tunajua. Siwapingi kuhusu maabara. Napinga kusubiri. Tusipokubali kifo hadi kithibitishwe, na uthibitisho unahitaji ubongo, barafu na nauli, tumewaambia watu wa vijijini kwamba wafu wao hawatahesabika mpaka barabara ipite. Mimi naona kitu cha kuhesabu ni jeraha. Aliyeumwa ndiye anayefika zahanati, ndiye mwenye mstari kwenye rejista, na mstari huo ungeweza kuwa kengele. Wakati anasafishwa kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 bila haraka, aulizwe mbwa alikuwa wa nani, yuko wapi, ameuma nani mwingine, amekufa au la. Muuguzi ampigie afisa mifugo wa kata. Afisa mifugo aende. Akimkuta mbwa mzima baada ya siku kumi, aliyeumwa anaokolewa gharama ya sindano zilizobaki. Akimkuta amekufa, au akisikia ameshauma watatu, wale watatu wanatafutwa. Hakuna mtambo hapo. Kuna simu, mafuta ya pikipiki, na mkurugenzi wa halmashauri anayekubali kwamba idara mbili zinaweza kutumia vocha moja.

Pemba imeshatuonyesha. Baada ya kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza 2010, kichaa kilitoweka kisiwani mwaka 2014. Kampeni zikasimama. Mwaka 2016 kikarudi, kikiletwa na mbwa kutoka nje ya kisiwa, kikasambaa. Watafiti wakiongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara walifuatilia mnyororo mzima, nani aliumwa na mbwa yupi na mbwa huyo aliumwa na yupi, na kulinganisha vinasaba vya virusi ili kujua vimetoka wapi. Chanjo zikarejeshwa, na kufikia mwishoni mwa 2018 kikawa kimekatika tena. Habari hiyo tunaijua kwa undani huo kwa sababu moja: watu walienda nyumba kwa nyumba kuuliza. Mahali ambapo hakuna aliyeuliza, 2016 ingepita kama mwaka mwingine wa mapepo.

Najua ugumu wa upande wa pili. Wilaya inayoanza kuuliza itaona namba zinapanda, na namba zikipanda anapigiwa simu Mganga Mkuu wa Wilaya, aulizwe kuna nini kwake. Jirani yake mwenye sifuri anapongezwa kwenye kikao. Mpaka wakubwa wabadilishe swali lao, wakamuulize yule mwenye sifuri ametafuta wapi, hakuna muuguzi atakayejipalia makaa. Na muuguzi anastahili kupata jibu. Yule wa kwetu aliniambia ametuma fomu kila wiki kwa miaka minne, na hajawahi kurudishiwa hata mstari mmoja wa kumweleza zilisema nini.

Alasiri ile, baada ya kufunga rejista, muuguzi na mimi tulishuka njia ya kisimani kwenda kwa bibi wa marehemu. Tulimwamkia, akatupa vigoda, akatuhadithia tena siku zile tatu. Kisha nikamuuliza kuhusu mbwa. Alijua kila kitu. Mbwa alikuwa mwekundu, mkia mfupi, alitokea ng'ambo ya mto na hakuwa wa pale kijijini. Asubuhi hiyohiyo alimuuma punda wa muuza maji, akamuuma kijana wa kinyozi mkononi, akapita shambani kwa binti mmoja, akamrarua juu ya goti, ndipo alipomkuta mjukuu wake. Punda alikufa mwezi uleule. Kijana wa kinyozi alikwenda mjini akachomwa sindano zote.

"Na yule binti, bibi?"

"Yule? Alipaka dawa ya majani, kidonda kikafunga. Hapo tu, nyumba ya bati jipya."

Tulimkuta anatwanga, mtoto mgongoni. Muuguzi alimwangalia kovu, akamweleza kwamba chanjo inatolewa hata kama miezi imepita, maadamu dalili hazijaanza. Binti akatua mchi, akamkabidhi mama mkwe mtoto, akaingia ndani kubadili kanga. Pikipiki ilikuwa moja. Walipanda wawili kwenda wilayani, muuguzi akiwa ameshapiga simu kuuliza kama dozi zipo, na mimi nikabaki kulinda zahanati iliyofungwa, nikiwaeleza wagonjwa waliofika kwamba mhudumu atarudi jioni.